MFUKO WA DOBI MPAKANI: MJADALA WA PLASTIKI NA KITAMBAA KATIKA MJI WA KEHANCHA

Utangulizi

Marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza kutekelezwa nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, macho ya wengi yalielekezwa sokoni na madukani. Mfuko wa nyanya na sukari ndio uliojadiliwa redioni na magazetini. Upo mfuko mwingine ambao haukutajwa sana, nao ni ule mwembamba, mwangavu, ambao dobi huivika suti au gauni baada ya kulifua na kulipiga pasi. Mfuko huo haubebi chakula wala hauna vishikio. Kazi yake ni kuisitiri nguo safi isichafuke kabla ya kumfikia mwenyewe.

Mji wa Kehancha, katika Kaunti ya Migori, ni mahali panapofaa kuuchunguzia mfuko huo. Kehancha ulikuwa makao makuu ya iliyokuwa Wilaya ya Kuria, na hadi leo ndio mji mkuu wa Kuria Magharibi. Magharibi yake upo mji wa Isebania, na ng'ambo ya mpaka upo Sirari wa Tanzania. Wakuria wanaishi pande zote mbili, wanaongea lugha moja na kuoana, lakini sheria za mazingira zinazowaongoza ni mbili. Aidha, maji ya mvua ya eneo hili huelekea Mto Migori, ambao huungana na Mto Kuja kabla ya kumwaga katika Ziwa Viktoria. Kinachotupwa mtaroni Kehancha, basi, kina njia ya kufika ziwani.

Makala hii inanuia kueleza mjadala wa kimazingira kuhusu mfuko wa dobi: je, uwe wa plastiki au wa kitambaa unaotumika tena na tena? Hoja kuu inayotolewa ni kwamba swali hilo, jinsi linavyoulizwa aghalabu, halijitoshelezi. Linalostahili kuulizwa kwanza ni hili: mfuko hurudi kazini mara ngapi, na ni nani mwenye jukumu la kuurudisha?

Asili ya mfuko wa dobi

Neno dobi limeingia katika Kiswahili kutoka Kihindi, nalo lilikuja pamoja na kazi yenyewe. Kabla ya kuja kwa plastiki, nguo safi zilifungwa ndani ya shuka zikawa furushi, au zikazungushiwa karatasi. Shuka ilikuwa ya kurudi, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kuitupa shuka baada ya safari moja.

Malighafi ya mfuko mwembamba tunaoujua leo, yaani polithini, iligunduliwa mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mifuko ya polithini ilikuwa imeenea katika maduka ya madobi nchini Marekani. Mwaka 1959 ulizuka wasiwasi mkubwa nchini humo baada ya watoto wadogo kufa kwa kukosa hewa, nyuso zao zikiwa zimegandwa na mifuko hiyo. Hapo ndipo yalipoanza maonyo yanayochapishwa juu ya mifuko ya aina hiyo hadi leo. Inafaa kukumbuka kwamba mfuko wa dukani wenye vishikio, ambao watu wengi hudhani ndio mama wa mifuko yote ya plastiki, ulisajiliwa hataza na kampuni ya Celloplast ya Uswidi mwaka 1965. Mfuko wa dobi, kwa hiyo, umezusha mjadala wa usalama kabla nduguye hajaenea madukani.

Matumizi ya mfuko huu yalikua pamoja na ufuaji wa nguo usiotumia maji, ambao wengi huuita draiklini. Katika ufuaji huo, nguo huzungushwa ndani ya mashine yenye kiyeyushi kinachoondoa mafuta na madoa bila kuivuta au kuikunja sufu. Kiyeyushi kilichotumika zaidi duniani kwa miongo mingi ni perikloroethilini. Kemikali hiyo imeorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kuwa yamkini husababisha saratani, na Desemba 2024 serikali ya Marekani ilitoa kanuni ya kuiondoa katika kazi ya udobi kwa muda wa miaka 10. Jambo hili linauhusu mfuko moja kwa moja. Nguo ikifunikwa plastiki kabla haijapungwa hewa vizuri, mvuke wa dawa hubaki ndani. Hata nguo iliyofuliwa kwa maji, ikifunikwa ingali na unyevu, huanza kuvunda. Kwa hiyo mteja anayeitundika suti kabatini pamoja na plastiki yake kwa nia ya kuitunza, huenda anaitesa.

Sheria na maana ya neno "mfuko"

Marufuku ya mwaka 2017 haikuwa jaribio la kwanza nchini Kenya. Majaribio ya mwaka 2007 na 2011 yalilenga unene wa plastiki, la kwanza likikataza mifuko ya chini ya mikroni 30 na la pili ya chini ya mikroni 60. Yote mawili hayakufua dafu. Tangazo nambari 2334 katika Gazeti Rasmi la Machi 2017, chini ya Waziri wa Mazingira wa wakati huo Judy Wakhungu, liliachana na vipimo vya unene. Lilipiga marufuku utengenezaji, uagizaji na matumizi ya mifuko yote ya plastiki ya kufungashia bidhaa za biashara na za nyumbani. Adhabu iliyohusishwa nalo ni faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha kati ya mwaka 1 na miaka 4.

Tangazo hilo lilitaja aina mbili za mifuko: yenye vishikio na isiyo na vishikio. Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapopata kazi. Mfuko wa dobi una tundu juu la kupitishia ndoano ya hanga, na mara nyingi uko wazi chini. Je, kitu kisicho na kitako ni mfuko? Mzungumzaji wa Kiswahili akiambiwa atie unga ndani ya kitu hicho atacheka. Kwa maana ya kukitazama, kinafanana zaidi na ala au gamba kuliko mfuko. Hata hivyo, kwa maana ya kazi yake, hicho ni kifungashio cha kibiashara kisicho na vishikio. Msamaha uliotolewa kwa vifungashio vya viwandani ulihusu plastiki inayogusana na bidhaa pale inapotengenezwa, na dobi si mtengenezaji wa suti. Kwa usomaji wa kawaida, basi, ni vigumu kwa dobi kujificha nyuma ya tundu la hanga.

Ng'ambo ya mpaka mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Tanzania Bara, baada ya tamko la Waziri Mkuu Kassim Majaliwa bungeni Aprili 2019, ilianza kutekeleza marufuku yake tarehe 1 Juni 2019. Kanuni zake zililenga hasa mifuko ya kubebea, na adhabu ya anayepatikana akiutumia mfuko iliwekwa kuwa faini ya kati ya shilingi 30,000 na 200,000 za Tanzania, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, kuanzia Agosti 2017 hadi Mei 2019, mfuko uleule ulikuwa halali Sirari na haramu Isebania. Si ajabu kwamba magendo ya mifuko kutoka nchi jirani yalikuwa miongoni mwa vikwazo vikubwa vya utekelezaji nchini Kenya. Mwenye duka katika mji wa mpakani alijaribiwa kila siku na bidhaa iliyokuwa hatua chache tu kutoka mlangoni pake.

Ugumu wa kisheria huongezwa na lugha ya mitaani. Nchini Kenya, watu wengi huuita mfuko wa plastiki "karatasi", na wengine husema "juala". Nchini Tanzania husikika "mfuko wa nailoni" na "rambo". Neno "karatasi" ndilo lenye hatari zaidi, kwa kuwa linataja kwa mkupuo mmoja kitu kilichokatazwa na kitu kilichoruhusiwa. Dobi akimwambia mteja, "Nitakutilia kwa karatasi," hakuna ajuaye kama anaivunja sheria au anaitii.

Hoja za pande mbili

Si haki kuwachora wanaoitetea plastiki kama maadui wa mazingira. Hoja zao zina uzito. Kwanza, plastiki haipitishi maji, na katika mji wenye vumbi la kiangazi na matope ya masika, nguo nyeupe inayosafirishwa kwa pikipiki yahitaji ngao. Pili, ni nyangavu: dobi huitambua nguo ya mteja bila kuifungua. Tatu, ni nyepesi na ya bei ya chini. Nne, ni ishara ya kazi iliyokamilika. Kizuri chajiuza, na suti inayong'aa ndani ya plastiki hujiuza yenyewe ukutani. Isitoshe, marufuku ya mwaka 2017 ilipokaribia, chama cha wenye viwanda nchini Kenya kilionya kwamba ajira zipatazo 60,000 zingepotea. Hoja hiyo ilifika mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliithibitisha marufuku.

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Kabla ya marufuku, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa maduka makubwa pekee nchini Kenya yaligawa mifuko milioni 100 kwa mwaka. Madaktari wa mifugo katika machinjio ya Nairobi walieleza jinsi mifuko ilivyotolewa matumboni mwa ng'ombe. Marehemu Wangari Maathai alionya kwamba mifuko iliyozagaa huhifadhi maji ya mvua na kuwa mazalio ya mbu waenezao malaria. Kwa jamii ya Wakuria, ambamo ng'ombe ni mali, mahari na heshima, habari ya ng'ombe aliyekufa kwa plastiki si hadithi ya mbali. Wahenga walisema akiba haiozi. Tatizo la plastiki ni kwamba nayo haiozi, ingawa hakuna aliyeiweka akiba.

Hata hivyo, watetezi wa kitambaa nao wana deni la kulipa. Kitambaa hulowa na huchafuka. Mfuko uliobeba nguo chafu kwenda kwa dobi haufai kuzirudisha nguo safi mpaka nao ufuliwe. Bei ya kuununua ni kubwa mwanzoni. Zaidi ya hayo, si kila kinachoitwa kitambaa ni kitambaa. Vifuniko vingi vya suti, vyenye zipu na mguso mwororo, hutengenezwa kwa nyuzi za polipropilini zilizoshikizwa pamoja bila kufumwa. Polipropilini ni plastiki. Mwaka 2019 Mamlaka ya Mazingira nchini Kenya, NEMA, ilitangaza kukataza mifuko ya aina hiyo, kwa kuwa watengenezaji walikuwa wakiipunguza unene kiasi cha kuchakaa baada ya kutumika mara chache. Mfuko ulioletwa kuiponya plastiki ulikuwa umegeuka kuwa plastiki nyingine yenye jina zuri.

Hesabu ya kurudi

Mjadala huu hauwezi kukatwa kwa hisia. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Uingereza lilichapisha utafiti uliolinganisha mifuko ya kubebea kwa kuzingatia gesi zinazotolewa tangu kutengenezwa hadi kutupwa. Ilibainika kwamba, ili kuufikia mfuko mwepesi wa plastiki unaotumika mara moja, mfuko wa karatasi sharti utumike mara 3, ule wa polipropilini isiyofumwa mara 11, na wa pamba mara 131. Pamba hulipa gharama kubwa kwa sababu kilimo chake hutumia maji, mbolea na dawa nyingi, na kiwanda chake hutumia nishati.

Takwimu hizo zapaswa kusomwa kwa uangalifu. Zilihusu mifuko ya dukani, wala si vifuniko vya nguo, hivyo kwa dobi ni mwongozo tu. Pia hazikupima madhara ya mfuko uliotupwa ovyo: mtaro ulioziba, ng'ombe aliyekufa, samaki aliyemeza. Katika nchi ambayo taka hukusanywa kikamilifu, upungufu huo waweza kuvumilika. Mahali ambapo taka nyingi huishia jaani, mtaroni au motoni, upungufu huo ni mkubwa.

Pamoja na tahadhari hizo, hesabu yenyewe inafichua jambo ambalo majadiliano mengi huliruka. Chukua mfano wa mwalimu anayepeleka suti kwa dobi mara moja kwa mwezi, akiwa na mfuko wake mwenyewe wa pamba. Kwa mwaka mfuko huo utatumika mara 12, na utahitaji karibu miaka 11 kutimiza mara 131. Akiwa mteja wa kila wiki, atahitaji miaka miwili na nusu. Sasa mfuko uleule uwe mali ya dobi, uende kwa mteja huyu Jumatatu na kwa mwingine Jumatano na wa tatu Ijumaa, ukirudi na kufuliwa kila mara. Utakuwa umetumika mara 156 kwa mwaka, na deni lake litakwisha kabla ya mwaka kumalizika. Kitambaa ni kilekile na mshono ni uleule. Kilichobadilika ni mmiliki.

Upo pia ukweli wa pili ambao takwimu za Ulaya hazikuulenga. Mara 131 ni za pamba mpya. Mfuko ulioshonwa kwa shuka kuukuu au pazia la mtumba haukudai shamba jipya la pamba. Sehemu kubwa ya gharama yake kwa mazingira ilikwisha kulipwa katika maisha yake ya kwanza. Katika nchi ambamo mitumba huuzwa kila soko na fundi cherehani hakosekani, malighafi ya mfuko wa dobi tayari imo mjini.

Njia inayowezekana Kehancha

Mpango wa mfuko unaorudi si jambo geni kwa mkaazi wa Kehancha. Kwa miongo mingi amenunua soda katika chupa ya glasi, akaweka amana au akaacha chupa tupu, na chupa ikarudi kiwandani kujazwa tena. Hakuna aliyehitaji kuhubiriwa mazingira. Amana ndiyo iliyohubiri. Dobi aweza kuufuata mkondo huohuo: mteja alipe amana ndogo anapoichukua suti ndani ya mfuko wa kitambaa, na arudishiwe amana anapouleta mfuko, au akatwe bei ya ufuaji unaofuata. Kwa kuwa mteja wa dobi hurudi pale pale, na aghalabu hujulikana kwa jina, mpango huu una nafasi nzuri ya kufaulu kuliko katika duka la mjini lenye wapita njia.

Matatizo ya kiufundi nayo yana majibu. Kitambaa hakionyeshi kilichomo, lakini kadi ya nambari iliyoshonewa kamba hutosha. Kitambaa hulowa, lakini nguo inaweza kusafirishwa ndani ya boksi la pikipiki, au mfuko ukashonwa tabaka mbili mabegani ambako mvua hugonga kwanza. Nchini Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, kumeuzwa mifuko inayogeuka: huenda kwa dobi ikiwa gunia la nguo chafu na hurudi ikiwa kifuniko cha kutundika. Fundi wa Kehancha aweza kushona mfano wake bila kuagiza chochote kutoka nje, ilmradi mfuko ufuliwe katikati ya kazi hizo mbili.

Kwa upande wa serikali, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 nchini Kenya imemtwika mzalishaji jukumu la bidhaa yake hata baada ya kutumika. Falsafa hiyo ndiyo ileile ya mfuko unaorudi: aliyekitoa kitu asijifanye hakijui kikishachakaa. Hata hivyo, sheria iliyokusudiwa kiwanda kikubwa ikimshukia dobi mwenye pasi ya makaa bila maelezo, huzaa hofu badala ya utiifu. Faini ya shilingi milioni 2 hailingani na kibanda chake chote.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Tangazo nambari 2334 lilichapishwa kwa Kiingereza. Dobi anayesema Kikuria nyumbani na Kiswahili kazini alipaswa kujua, kwa lugha isiyo yake, kama gamba la plastiki lisilo na kitako ni mfuko au si mfuko, na kosa la tafsiri lingeweza kumfunga. Hapo pana kazi ya wazi kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili: kuzifasiri sheria za aina hii, na kuzifasiri kwa istilahi zisizoteleza.

Istilahi zilizozoeleka zinateleza. "Mfuko mbadala", linalotumika sana Tanzania, linasema tu kwamba kitu kimechukua mahali pa kingine, bila kusema kama ni bora. "Mfuko rafiki wa mazingira" ni sifa inayotolewa kabla ya urafiki kuthibitishwa. "Mfuko wa kitambaa" huficha polipropilini. Kiswahili kina uwezo wa kutenganisha kwa uwazi zaidi: uwepo mfuko wa kutupwa na mfuko wa kurudishwa, uwe wa plastiki, wa karatasi au wa pamba. Majina hayo mawili yanataja kitendo cha mtu badala ya malighafi, na kitendo hicho ndicho kinachoamua hatima ya mto na malisho. Mfuko wa pamba uliotupwa baada ya safari moja ni hasara kuliko plastiki aliyoikwepa mwenyewe, na shuka kuukuu inayokwenda na kurudi kati ya dobi na wateja wake ni faida kila inapoingia tena dukani.